Nyumba Haichakai Peke Yake

Kitenzi cha toleo hili ni kuchakaa. Hatukukitoa kwenye kamusi, tulikikuta nyumbani. Sisi tulioandika makala hii tumekulia katika nyumba za kupanga za upande wa magharibi wa miji mitatu: Buffalo na Columbus, ambako watu huuita West Side, na Louisville, ambako wenyeji husema West End. Wazazi wetu walitoka Uvira, Bukavu, Bujumbura, Kigoma na Mombasa, na baadhi yao walipitia kambi ya Nyarugusu au ya Kakuma. Kiswahili chao hakifanani, lakini katika kila nyumba kuna siku mtu mzima alitazama dari, akashusha pumzi, akasema, "Hii nyumba imechakaa."

Tumekichagua kwa sababu sisi ndio wakalimani wa nyumba zetu. Barua ya mwenye nyumba, ya jiji au ya mahakama ikifika, inafunguliwa mbele yetu, hata kama tuna mtihani kesho. Tumegundua kwamba kitenzi hiki, kinapovuka kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza, kinaweza kuamua nani atalipia sakafu iliyooza. Basi tumeona tukichunguze vizuri: maana yake ni nini, kinatumika wapi, na kinaficha nini.

Maana yake

Kuchakaa ni kuwa kibovu kwa sababu ya kutumika sana au kukaa muda mrefu. Shati lililofuliwa mara mia huchakaa kwenye kola. Gari la barabara za vumbi huchakaa kuliko la lami. Kutoka kwenye kitenzi hiki tunapata chakavu, kama vyuma chakavu vinavyouzwa kwa kilo, na noti chakavu ambazo benki huziondoa mikononi mwa watu. Tunapata uchakavu, neno ambalo wahasibu wa Tanzania hulitumia kwa thamani ya mashine inayopungua mwaka hadi mwaka. Tunapata pia kuchakaza, na hapo wapenzi wa mpira hawahitaji mwalimu: timu ikifungwa mabao matano, gazeti la kesho yake litaandika kwamba imechakazwa.

Katika mifano ya shati, gari na noti kuna kazi iliyofanyika. Kitu kimetumika mpaka kikachoka, na hakuna aibu ndani yake. Watu wa Kigoma wana neno lililo karibu sana: gari au nyumba "imechoka", kana kwamba nayo ilikuwa ikienda kazini kila asubuhi. Mzazi wa Uvira atasema nyumba "ilisha kuzeeka". Lakini uzee na uchakavu si kitu kimoja. Wahenga walisema ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa: kamba ya zamani inaweza kufunga mzigo ambao ukambaa mpya hauwezi. West Side ya Buffalo imejaa nyumba za mbao zilizopita miaka mia moja ambazo ukuta wake umenyooka na ngazi yake hailii. Ni kuukuu, ila hazijachakaa, kwa sababu kila aliyezimiliki alipanda juu ya paa kabla ya theluji.

Na zipo nyumba za umri uleule, mtaa uleule, ambazo paa linavuja, rangi inabambuka, mbao za baraza zimeoza, bomba limeshika kutu na ukuta wa chumba cha watoto umeota ukungu. Hizi nazo wazazi wetu huziita zimechakaa. Hapo ndipo neno linapotumwa kazi isiyo yake.

Swali la "na nani?"

Chukueni sentensi mbili. Ya kwanza: Nyumba imechakaa. Ya pili: Nyumba imetelekezwa. Sasa ongezeni maneno mawili tu, "na nani?" Nyumba imetelekezwa na nani? Swali linakubalika, na linadai jina la mtu. Nyumba imechakaa na nani? Sikio linakataa. Kuchakaa hakina nafasi ya mtenda; ili tupate nafasi hiyo lazima kwanza tukigeuze kuwa kuchakaza. Hata bibi ambaye hajawahi kusikia habari za kauli za vitenzi atakwambia sentensi hiyo haisemeki.

Kuchakaa kina jamaa wengi wa tabia hiyo. Mbao huoza, paa huvuja, ukuta hubomoka, jengo huporomoka, huduma huzorota, uchumi hudorora. Vyote hutokea kana kwamba vimejitokea vyenyewe. Linganisheni kubomoka na kubomolewa: la kwanza linatuonyesha vifusi, la pili linatuonyesha vifusi na mkono uliovisababisha.

Kutelekeza kuna sura nyingine. Ni kumwacha mtu au kukiacha kitu ambacho ni wajibu wako kukitunza. Baba hutelekeza watoto. Mkandarasi hutelekeza mradi wa maji. Gari hutelekezwa kando ya barabara. Huwezi kutelekeza jiwe la mtoni, maana hukuwa na wajibu nalo. Kwa hiyo anayesema kutelekeza amekwisha kusema mambo mawili: kwamba kulikuwa na mwenye wajibu, na kwamba hakuutimiza.

Kiswahili kina majina mazuri ya mahali palipoachwa. Kuna gofu, nyumba iliyobaki kuta bila paa. Kuna mahame, mahali ambapo watu wamehama. Kuna ganjo, ambapo palikuwa na mji wa zamani. Ila kwa maoni yetu hatuna kitenzi kimoja kinachosema "kuharibika kwa sababu mwenye wajibu hakutunza". Tunahitaji maneno mawili au matatu: nyumba imeoza kwa kutelekezwa, imechakaa kwa kukosa matunzo, imeharibika kwa kutotengenezwa. Ni marefu, na mzee aliyetoka kazini usiku ana haki ya kusema kwa kifupi. Kazi ya mkalimani ni kuuliza sehemu iliyobaki.

Mezani kwa mwenye nyumba

Mwenzetu mmoja wa Columbus alisimulia yaliyowapata walipohama. Mwenye nyumba alitaka kubaki na amana yao kwa sababu sakafu ya jikoni ilikuwa imeoza. Baba yake alitaka ajibu kwamba sakafu ile imechakaa tu. Kabla ya kuandika, mwenzetu aliuliza:

"Baba, imechakaa kwa kukanyagwa au kwa maji?"

"Maji, mwanangu. Bomba la chini ya sinki linavuja tangu kabla ya Pasaka. Nimempigia mara tatu."

"Tarehe unazo?"

"Ziko kwenye simu. Tazama mwenyewe."

Fikirieni kama angetafsiri neno kwa neno. Mikataba ya kupanga huku inajua uchakavu wa kawaida: zulia linalopauka, rangi inayofifia, mpini wa mlango unaolegea. Huo mpangaji halipii. Lakini sakafu iliyooza si uchakavu wa kawaida, na yeyote atakayeitazama ataona. Sasa kama si uchakavu wa kawaida, ni uharibifu. Na kama ni uharibifu, aliyekuwa akiishi humo ndiye wa kwanza kunyoshewa kidole. Neno la upole la baba lingemgeukia mwenyewe.

Mwenzetu aliandika kwamba sakafu iliharibiwa na maji ya bomba ambalo mwenye nyumba aliarifiwa tarehe hizi tatu, na halikutengenezwa. Amana ilirudi, ikiwa imekatwa kidogo kwa ajili ya tundu la mlango ambalo mdogo wake alilitoboa kwa mpira. Hilo hawakulibishia.

Kwa faida ya wanachama wenye kazi kama hii nyumbani, haya ni ya kukumbuka. Huko Ohio, mwenye nyumba ana siku 30 baada ya mpangaji kuhama na kumwachia anwani yake mpya kwa maandishi kurudisha amana, au kueleza kwa maandishi kila alichokata. Katika jimbo la New York, tangu mwaka 2019, ni siku 14, na amana yenyewe haitakiwi kuzidi kodi ya mwezi mmoja. Louisville, kabla ya amana kulipwa, mpangaji anatakiwa kupewa orodha ya kasoro zilizopo tayari, naye ana haki ya kukagua mwenyewe kabla ya kutia sahihi. Huko Ohio tena, mpangaji asiyedaiwa kodi anaweza, mara nyingi, kumpa mwenye nyumba taarifa ya maandishi, na matengenezo yasipofanyika ndani ya siku 30, akapeleka kodi yake kwa karani wa mahakama badala ya kumpa mwenye nyumba. Katika yote haya, karatasi na tarehe ndizo zinazohesabiwa. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Mitaa mitatu

Kinachosemwa juu ya nyumba moja husemwa pia juu ya mtaa mzima. Tumesikia darasani, na hata kwenye mabasi, kwamba West Side "imechakaa". Tukiuliza na nani, tunajibiwa kwa mabega.

Tuanze na Buffalo. Mwaka 1950 mji ulikuwa na watu 580,132. Mwaka 2010 walibaki 261,310. Viwanda vya chuma vilifungwa, wenye uwezo wakahamia vitongojini, nyumba zikabaki bila watu. Nyumba isiyo na mtu katika baridi ya Buffalo haihitaji miaka mingi: bomba likiganda linapasuka, maji yanaingia ukutani, na paa lenye tundu dogo mwezi wa kumi linakuwa na tundu kubwa mwezi wa nne. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu watu 278,349, ongezeko la kwanza tangu ile ya 1950, na wakimbizi na wahamiaji ni sehemu yake. Waliokuja ndio waliokuta madirisha yamezibwa kwa mbao.

Walikuta pia sumu. Rangi yenye madini ya risasi ilipigwa marufuku katika nyumba za Marekani mwaka 1978, na nyumba nyingi za West Side zilijengwa zamani kabla ya hapo. Rangi hiyo ikitunzwa, ikafunikwa kwa rangi nyingine, inatulia. Ikibambuka, vumbi lake huingia vinywani mwa watoto na kudhuru ubongo. Ndugu mkalimani, jihadhari na neno hili. Ukimwambia bibi aliyekimbia vita kwamba kuna risasi ukutani, ataangalia kwanza dirisha. Mwambie "sumu iliyo ndani ya rangi ya zamani", kisha ndipo utaje jina. Mwaka 2020 jiji lilipitisha sheria ya kukagua nyumba za kupanga za familia moja au mbili ambazo mwenyewe haishi humo. Kwa maneno yetu ya sarufi, jiji lilikubali kuuliza "na nani?"

Louisville jibu limeandikwa kwenye karatasi. Mwaka 1914 jiji lilitunga sheria ya kuwazuia Weusi kuhamia na kuishi katika mitaa yenye Wazungu wengi. Mahakama Kuu ya Marekani iliifuta mwaka 1917 katika kesi ya Buchanan dhidi ya Warley, iliyohusu kiwanja cha upande huohuo wa magharibi. Lakini miaka ya 1930 zikaja ramani za mikopo, na mitaa ya Weusi ikapakwa rangi nyekundu kuwa ya hatari. Mtu asiyepata mkopo hawezi kubadilisha paa kwa wakati wake. Paa likivuja miaka kumi, nyumba hufa, na mpita njia husema wenyeji hawajui kutunza.

Huko West End, kwenye Grand Avenue, iko nyumba ndogo alimokulia Muhammad Ali. Wazazi wetu Wakongo wanamjua kwa usiku wa Kinshasa wa Oktoba 1974 kuliko kwa jambo jingine lolote. Nyumba hiyo ilikaa tupu na kuharibika kwa miaka, ikakarabatiwa, ikapakwa tena rangi yake ya waridi, na kufunguliwa kuwa makumbusho Mei 2016, majuma machache kabla ya Ali kufariki tarehe 3 Juni. Mwaka uliofuata makumbusho yalifungwa. Kama nyumba ya bingwa wa dunia inaweza kuachwa hivyo, za majirani zake zitasemaje?

Columbus na Buffalo zinatupa mfano mwingine, wa majengo mawili ya ukoo mmoja. Katika karne ya 19 kila mji ulijenga hospitali kubwa ya wagonjwa wa akili kwa mpango wa daktari Thomas Kirkbride: jengo la katikati na mabawa marefu pande zote mbili. Ya Columbus ilifunguliwa mwaka 1877 juu ya kilima cha Hilltop. Ya Buffalo, iliyochorwa na H. H. Richardson, ilipokea wagonjwa mwaka 1880. Zote mbili ziliachwa. Ile ya Columbus ilibomolewa miaka ya 1990, na leo penye ukumbi wake pana ofisi za serikali ya jimbo. Kwa ile ya Buffalo, watetezi wa majengo ya kale waliipeleka serikali ya jimbo mahakamani kwa kuliacha lioze. Baadaye mamilioni ya dola yalitolewa, na mwaka 2017 sehemu ya katikati ilifunguliwa kuwa hoteli. Sheria za uhifadhi huku zina jina la kosa hilo. Sisi tunapendekeza liitwe kubomoa kwa kutelekeza. Mtu anabomoa bila nyundo, kwa kungoja mvua tu.

Na kwetu pwani

Tusidhani jambo hili ni la Marekani peke yake. Mji Mkongwe wa Zanzibar umejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Nyumba za namna hiyo hudumu karne nzima zikipakwa chokaa na paa likizuiwa kuvuja. Maji yakipata njia, chokaa huoshwa kutoka ndani ya ukuta na boriti huoza mahali zilipoingia kwenye jiwe. Beit al-Ajaib, iliyojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, ilipoteza sehemu ya baraza na paa mwaka 2012, ikafungwa kwa wageni. Tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati ukiwa unaendelea, sehemu kubwa ya mbele pamoja na mnara wake ilianguka, na watu wawili wakafa.

Kitenzi kilichotumika zaidi kilikuwa kuporomoka: jengo limeporomoka. Ni sahihi, ndivyo lilivyofanya siku ile. Ila siku ya kuporomoka ni moja, na miaka ya kutotunzwa ilikuwa mingi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na methali hiyo, mkiitazama, ina mtenda ndani yake. Inamwambia mtu: wewe usipoziba. Haisemi ufa ukijifungua.

Uzito wa neno

Tulipowasomea wazee rasimu ya makala hii, walitupinga, na pingamizi lao lina haki ya kuandikwa. Kutelekeza, walisema, ni neno zito. Ndilo tunalolitumia kwa mwanamume aliyeacha mke na watoto. Ukimwambia mwenye nyumba ametelekeza, umefungua ugomvi, na wewe una watoto na baridi inakuja. Mama mmoja alituambia, "Nyinyi mmesoma, mkifukuzwa mtalala bwenini. Sisi tutalala wapi?"

Kwa hiyo kuchakaa wakati mwingine ni adabu, na wakati mwingine ni hofu iliyovaa nguo za adabu. Mpangaji anachagua neno lisilo na mtu ndani yake ili asimtaje mtu mwenye ufunguo. Hatuna ruhusa ya kumdharau.

Lakini kuna njia ya katikati, na sarufi yetu inayo. Semeni "haijatengenezwa". Semeni "haikutunzwa". Semeni "iliripotiwa, haikurekebishwa". Kauli ya kutendwa katika ukanushi haimtukani mtu wala haimtaji, ila imeacha kiti wazi kwa ajili yake. Hakimu akitaka kujua na nani, swali linasemeka. Mama yule alipoisikia "haikutunzwa" aliirudia mara mbili, akasema hiyo anaweza kuisema hata mbele ya mwenyewe.

Kiswahili chetu

Kuna mahali pengine tunapoambiwa neno hili. Shangazi akipiga simu kutoka Bujumbura na kutusikia tukihangaika na ngeli, husema Kiswahili chetu kimechakaa. Tunamheshimu, lakini hapa kitenzi kinamgomea. Lugha haichakai kwa kutumika. Sokoni na nyumbani inatumika kutwa na haipungui. Chetu kiliharibika kama nyumba iliyofungwa: shuleni hakikuulizwa, mtaani kilionewa haya, na sisi wenyewe tulijibu kwa Kiingereza tulipoulizwa kwa Kiswahili. Kina wenye wajibu, na baadhi yao wamekaa katika chama hiki.

Habari njema ni kwamba nyumba hizi zinatengenezeka. Shule Namba 77 ya West Side ya Buffalo, iliyokuwa imefungwa, iligeuzwa na chama cha wakazi kinachoitwa PUSH Buffalo, kilichoanzishwa mwaka 2005, kuwa makazi ya wazee na kumbi za jamii.

Kwa toleo lijalo tunaomba kila mwanachama atuletee neno moja ambalo nyumbani kwao hulitumia kwa kitu kilichoharibika kwa kuachwa, pamoja na sentensi ya mzazi aliyelisema na mji alikotoka. Walimu wetu wamekubali kutusaidia kuyapanga. Mkienda kuuliza, msisahau kutazama na dari.